Hewa baridi, Muheza inapatikana wapi?

Leo naomba siasa zikae pembeni kidogo. Najua kuna wanaokuja hapa kutafuta ya bungeni, wanivumilie. Leo naandika kuhusu gari, tena gari lenyewe ni pikapu ya kubebea machungwa. Na niseme mapema kabisa kwamba aliyevurunda katika habari hii ni mimi mwenyewe, mwenye shahada yangu ukutani, mwandishi wa habari ninayelipwa mshahara kwa kazi ya kuuliza watu maswali.

Mjomba wangu anaishi Muheza, mkoani Tanga. Ana Toyota Hilux ya mwaka 1999, injini ya 5L, dizeli, lita 3, haina turbo wala kompyuta. Ni zile Hilux ambazo mafundi wakifungua boneti wanatabasamu, maana kila kitu wanakiona kwa macho. Msimu wa machungwa ukifika, gari hilo linaingia vijijini kwenye njia za udongo mwekundu, linapakia, linatoka mpaka barabara kubwa ya Segera–Tanga ambako malori ya Dar yanasubiri. Msimu ukiisha linabeba mbao, saruji, mahindi, wakati mwingine wagonjwa na maiti. Mimi nilipokuwa Mlimani, Bodi ya Mikopo ilinipa sehemu ya ada, na sehemu iliyobaki ilitoka kwenye hiyo Hilux. Kwa hiyo nikisema gari hilo limenisomesha, sitii chumvi.

Nilipopata kazi gazetini nikaanza kujiuliza nimpe nini mjomba. Shati? Simu? Mtu aliyekusomesha unampa shati? Wakati huo nilikuwa na ugonjwa wa kuangalia video za magari YouTube usiku, na hasa za Wamarekani na pikapu zao. Wale jamaa wana kitu kimoja wanakipenda sana. Wanang'oa lile boksi la plastiki linalokaa chujio la hewa, lile ambalo mafundi wetu wanaliita eya klina, wanatupa na bomba lake, kisha wanafunga bomba pana la alumini lenye chujio la umbo la pia mwishoni. Wanasema injini sasa inavuta hewa baridi, na hewa baridi ni nguvu. Halafu wanakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwenye gari anacheka hadi jino la mwisho. Hapa kwetu vijana wa magari wanakiita filta ya spoti.

Agosti 2023 nikaingia Gerezani na shilingi zangu. Nikapata moja, boksi jekundu, maandishi ya dhahabu: inaongeza nguvu za farasi 15. Nikatoa 190,000 bila kujiumauma sana kwa bei. Wikiendi iliyofuata nikapanda basi kwenda Muheza na boksi langu mapajani kama mtoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hilo boksi la nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri mno, jamani! Nikamwambia hewa ikiwa ya moto inatanuka, kwa hiyo katika kila lita injini inayovuta kuna oksijeni pungufu. Ikiwa ya baridi inasongamana, oksijeni inakuwa nyingi, mafuta yanaungua vizuri, nguvu inaongezeka. Mjomba akasikiliza kwa adabu zote, kama anavyosikiliza watu wa mradi wakija kijijini. Akauliza swali moja tu: "Sasa mjomba, hiyo hewa baridi, hapa Muheza inapatikana wapi?"

Tukacheka. Mimi nilidhani ni utani. Naomba mlikumbuke swali hilo, tutalirudia.

Kazi yenyewe ya kufunga haikuchukua saa mbili. Nililegeza vibano vya hozi ya mpira inayotoka kwenye boksi la hewa kwenda kwenye injini, nikafungua boliti za boksi, nikalitoa zima na chujio lake la karatasi ndani. Likaenda stoo, nyuma ya magunia. Bomba jipya lilikuwa limetengenezwa kwa gari nyingine (boksi lilisema linafaa magari yote, na kitu kinachofaa magari yote mara nyingi hakifai hata moja), kwa hiyo nikalikata kwa msumeno wa chuma. Kipenyo hakikulingana sawasawa na mdomo wa hozi, nikazungushia silikoni na kukaza kibano mpaka bisibisi ikaanza kuteleza. Kuna kale kahozi kadogo kanakotoa mvuke wa oili kwenye injini na kuurudisha kwenye njia ya hewa, nako nikakatobolea tundu kwenye bomba na kukachomeka. Chujio likabaki linaning'inia katikati ya injini na taa, wazi, linang'aa.

Mjomba akawasha. Loh! Sauti ilibadilika papo hapo. Ukikanyaga mafuta unasikia injini inavuta pumzi kwa nguvu. Vijana wa kijiweni wakaja kuangalia. Mjomba akaendesha mpaka njia panda na kurudi, akasema, "Inapumua." Niliporudi Dar nilijiona nimelipa deni.

Miezi mitano baadaye akanipigia. Hakulalamika, alikuwa ananiuliza tu. Gari asubuhi linagoma kuwaka. Linatoa moshi wa bluu. Linakula oili, lita nzima kwa wiki. Kupanda kilima na mzigo imekuwa shida, lile lililokuwa linapanda likiimba sasa linapanda likilia. Je, hiyo filta yangu ina uhusiano na hayo?

Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba haiwezekani. Nilimjibu hivyo nikiwa nimekaa Dar, mita zangu zote za kupimia zikiwa ni simu ya mkononi.

Fundi wake wa siku zote ndiye aliyetoa jibu, na alilitoa kwa kidole. Alilegeza lile bomba langu, akaingiza kidole upande wa ndani, upande ambao hewa imeshapita kwenye chujio na inapaswa kuwa safi, akapangusa, akakitoa. Kidole kilikuwa chekundu kama cha mtu aliyekuwa akifinyanga vyungu. Vumbi la njia za machungwa lilikuwa limetanda ndani ya bomba kama unga. Injini ikashushwa. Ringi zimeisha, kuta za silinda zimekwaruzika mistari ya juu hadi chini. Kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi, gasketi, oili na kazi ya fundi, yote milioni mbili na laki saba. Na gari lilikaa juu ya mawe wiki sita, msimu wa machungwa ukipita mbele yake.

Sasa niwaeleze nilichopaswa kukisoma kabla ya kwenda Gerezani, maana niliyajua haya yote baada ya hasara.

Kwanza, fizikia niliyomweleza mjomba ilikuwa sahihi. Huo ndio uchungu wake. Hewa ikishuka joto kwa nyuzi 10 inaongezeka uzito kwa takriban asilimia 3. Hewa ya nyuzi 60, ambayo ni ya kawaida chini ya boneti ya gari linalotembea taratibu na mzigo, ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyoko nje. Hakuna uongo hapo. Lakini ngoja tufanye hesabu moja ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza. Injini ya mjomba haifiki farasi 100 ilipotoka kiwandani. Farasi 15 juu yake ni zaidi ya asilimia 15. Ili upate asilimia 15 ya hewa zaidi kwa kupooza tu, kutoka hewa ya nyuzi 60 unatakiwa uende kwenye hewa ya nyuzi 17 hivi. Nyuzi 17 ni Lushoto alfajiri. Muheza saa saba mchana utaitoa wapi? Mjomba hakufika kidato cha nne, na aliuliza swali hilo hilo ndani ya dakika mbili.

Pili, na hapa ndipo nilipojiona mjinga kabisa, lile boksi la plastiki nililolitupa stoo tayari lilikuwa linavuta hewa baridi. Mdomo wake haukuwa unavuta hewa ya kwenye injini. Ulikuwa umepita kwenye bati la pembeni na kuchukua hewa ya nje, ndani ya bodi juu ya gurudumu la mbele, mbali na rejeta na ekzosi. Watengenezaji wa magari hawakusubiri vijana wa YouTube wawaambie kwamba hewa ya moto inapunguza nguvu, wanalijua hilo miaka nenda rudi. Mimi nililitoa boksi lenye mdomo nje, nikaweka chujio linaloning'inia chini ya boneti, nyuma ya rejeta, palepale feni inapomwaga joto. Yaani nilinunua kifaa cha hewa baridi kwa laki moja na tisini ili injini ianze kuvuta hewa ya moto!

Tatu, dizeli si petroli. Kwenye injini ya petroli ukikanyaga pedali unafungua mlango wa hewa, na mafuta yanafuata kiasi cha hewa. Ndiyo maana Mmarekani mwenye pikapu ya petroli ya V8, kwa mfano zile Ford F-Series ambazo zimeongoza kwa mauzo ya pikapu kwao tangu mwaka 1977, anaweza kupata kitu kidogo akifungua njia ya hewa vizuri. Kwenye dizeli ya aina ya mjomba, pedali inaamuru pampu ya mafuta. Hewa inaingia kadiri silinda inavyoweza kuvuta, muda wote. Ukiongeza hewa bila kugusa pampu, injini inapata hewa ya ziada isiyo na mafuta ya kuungua nayo. Chujio likiwa limeziba, sawa, utaona moshi mweusi na nguvu itapungua. Lakini likiwa zima, kuongeza upana wa bomba ni sawa na kumwongezea sahani mtu ambaye ubwabwa wake ni uleule.

Basi ile nguvu tuliyoisikia siku ile ilikuwa nini? Ilikuwa sauti. Mabomba ya hewa ya kiwandani huwa na vyumba vidogo pembeni ambavyo kazi yake ni kumeza mlio wa hewa inapovutwa. Ukivitoa, mlio unabaki, na sikio la binadamu likisikia mngurumo linauambia mguu kwamba gari limeongezeka nguvu. Sikupima kilima kwa saa kabla na baada. Sikupima hata lita za mafuta. Nilisikiliza tu, nikaamini.

Na nne, vumbi. Hili ndilo lililoua injini, na ndilo ambalo zile video hazikuligusa, kwa sababu jamaa wale wanaendesha kwenye lami. Injini ya lita 3 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inavuta karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Sasa fikiria lita 4,000 za hewa ya njia ya kijijini wakati wa kiangazi, ukiwa nyuma ya lori, kila dakika, kwa saa tatu. Ndani ya vumbi hilo kuna chembe za mchanga wa kwatzi, ambao ni mgumu kuliko chuma cha ringi na cha silinda. Zinazoumiza zaidi ni zile ndogo, za kuanzia mikroni 5 mpaka 20 hivi. Unywele wa binadamu una mikroni kama 70, kwa hiyo chembe hizo huzioni kwa macho. Zinapenya zinajichanganya na utando wa oili kati ya ringi na ukuta wa silinda, na kuanzia hapo oili yako si oili tena, ni msasa wa maji.

Chujio zuri la karatasi linazuia zaidi ya asilimia 99 ya vumbi la majaribio, na kuna kipimo cha kimataifa cha kulijaribu, ISO 5011. Boksi langu jekundu halikutaja kipimo chochote cha vumbi. Liliandika farasi tu. Ukitaka hewa ipite kirahisi zaidi bila kuongeza ukubwa wa chujio, njia rahisi kwa mtengenezaji wa bei ya chee ni kupanua matundu, na tundu linalopitisha hewa zaidi linapitisha na mchanga. Ongeza hapo mdomo wa bomba nilioukata kwa msumeno, ukabaki upogo, ukazibwa kwa silikoni ambayo joto la injini liliibandua. Hewa haina ujinga. Ikikuta upenyo mdogo ambao hauna chujio, inapita huko huko na vumbi lake.

Najua wapo watakaosema, "Wewe ulinunua feki na ukafunga vibaya, usiitukane teknolojia." Hoja hiyo naikubali nusu. Ni kweli vipo vifaa vya aina hii vilivyotengenezwa kwa gari husika, vyenye boksi lililofungwa, ukingo wa mpira unaobana boneti, na chujio lililopimwa. Ukiwa na gari la petroli, unaendesha lami, unakwenda kwenye mashindano ya magari, na unalisafisha chujio kwa utaratibu wake, ni starehe yako na fedha zako. Hata huko California, jimbo la watu wanaochezea magari kuliko wote, kifaa kama hiki hakiruhusiwi kutumika barabarani mpaka kipate namba ya idhini kutoka bodi yao ya hewa, CARB. Maana yake kuna mtu amekaa na kukipima kabla hujakifunga. Mimi nilikaa kati ya muuzaji na mjomba, na katika mnyororo wetu wote wa watu watatu hakuna aliyepima kitu.

Nusu nisiyoikubali ni hii: hata kingekuwa halisi, bado kingekuwa jibu la swali ambalo gari la mjomba halikuuliza. Gari linalopita kwenye udongo mwekundu na tani moja mgongoni halina tatizo la kukosa hewa baridi. Lina tatizo la hewa chafu. Na jibu la swali hilo lipo, tena tunaliona kila siku barabarani bila kulitambua. Angalia Land Cruiser za mbugani, za watalii na za watafiti. Umewahi kuona yale mabomba meusi yanayopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa? Wengi tunadhani ni ya kuvukia mito. Kuvuka mito ni kazi yake moja. Kazi yake ya kila siku ni kuchukua hewa ya juu, ambayo vumbi lake ni pungufu kuliko la usawa wa tairi, na haijapitia kwenye injini kupata joto. Baadhi yana kibuyu juu kinachozungusha hewa ili vumbi zito lidondoke kabla halijafika kwenye chujio. Matrekta nayo yana kibuyu cha aina hiyo. Hiyo ndiyo hewa baridi ya Afrika, na mbele yake boksi la kiwandani linabaki palepale lilipo.

Na hata bila bomba hilo, kwa 190,000 zangu ningeweza kufanya mambo ya maana zaidi. Ningenunua chujio halisi la karatasi na jingine la akiba. Ningebadilisha hozi za mpira zilizopasuka na vibano vilivyolegea. Ningemwambia mjomba aache ile tabia yetu sote ya kupeleka chujio kwa wajaza upepo lipulizwe kwa kompresa, maana presha ile inatoboa karatasi matundu ambayo huyaoni, au ile ya kulipigapiga kwenye tairi mpaka ukingo wake unapinda. Na kitu ambacho kilinishangaza nilipokijua: chujio la karatasi lililotumika kiasi linazuia vumbi vizuri kuliko jipya kabisa, kwa sababu vumbi lililonasa linasaidia kunasa jingine. Kulifungua-fungua kila baada ya siku mbili ili "kulisafisha" ni kulipa vumbi nafasi ya kuingia. Libadilishe likiziba, basi.

Wewe mwenye pikapu, ya kwako au ya mzee wako, hata kama hukubaliani na lolote nililosema, fanya jambo moja Jumamosi hii. Zima gari, liache lipoe, legeza hozi inayotoka kwenye boksi la hewa, pangusa ndani kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheupe, funga, shukuru Mungu, endelea na maisha. Kikitoka na rangi ya barabara unayopita, usiwashe tena gari hilo mpaka ujue linapoingilia.

Sasa turudi kwangu mimi, maana nimeahidi kujisema. Gazetini, ukimpelekea mhariri wangu habari yenye chanzo kimoja anakurudishia. Ukimwambia takwimu fulani atakuuliza nani kapima, lini, na alipima nini. Ndivyo alivyonifundisha na ndivyo ninavyowabana wakuu wa wilaya na maofisa habari. Lakini siku nilipokuwa natoa ushauri kwa mtu aliyenisomesha, chanzo changu kilikuwa boksi. Sikuuliza injini iliyopata hizo farasi 15 ilikuwa ya lita ngapi, ya mafuta gani, ilipimwa wapi. Na mjomba naye hakunibana, kwa sababu moja tu: mimi ndiye msomi wa ukoo. Neno langu lilikuwa na uzito ambao neno la fundi wake halikuwa nao, ingawa fundi yule amefungua injini nyingi za 5L na mimi nimefungua video.

Hili ndilo linalonisumbua kuliko ile milioni mbili na laki saba. Sisi tuliosoma tukarudi kijijini na jambo jipya, wazee wetu wanatuamini kwa mkopo. Wanaamini kwamba tumeshauliza maswali yote huko tulikotoka. Mara nyingi hatujauliza, tumeona tu kitu kinang'aa. Na tunaporudi mjini, gharama inabaki kwao, juu ya mawe, msimu ukipita.

Fedha za injini nimekuwa nikizilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, mjomba akizikataa nusu na kuzipokea nusu. Hilux inatembea. Boksi la plastiki limetoka stoo, limerudishwa mahali pake, na mdomo wake umepita kwenye bati kama zamani. Nilipokwenda mara ya mwisho nililisikiliza gari likiondoka na machungwa: kimya, halina mngurumo wowote wa kuvutia vijana wa kijiweni. Lilipanda kilima.

Kabla sijapanda basi kurudi Dar, mjomba aliniuliza kama sasa hivi kuna kitu kingine kipya huko mtandaoni cha kufunga kwenye gari. Alikuwa anacheka. Nikamwambia kipo, lakini safari hii nitaanza kumuuliza fundi wake.

Naomba kutoa hoja.